Charlot na Viatu vya Binti Yetu

Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya ngoma, nazo ni kama majirani wasiosalimiana. Ya kwanza yasema: Ngoma ivumayo haidumu. Ya pili yasema: Mcheza kwao hutuzwa. Nyumbani mwetu hapa Kongolo methali hizo ziligombana karibu mwaka mzima. Ya kwanza ilikaa midomoni mwetu sisi wazazi, na ya pili mdomoni mwa binti yetu. Aliyekuja kuzipatanisha alikuwa mtu mfupi mwenye kofia nyeusi, fimbo ya kutembelea, na viatu vikubwa kuliko miguu yake. Alikwisha kufa zamani, tangu 1977, wala hakututamkia neno hata moja.

Sisi tunaoandika haya ni mume na mke. Twaandika pamoja kwa sababu kosa tulilifanya pamoja, na kicheko chetu siku ile kilikuwa kimoja.

Anayeijua Kongolo anajua kwamba mji wetu umekaa kando ya mto Lualaba, penye daraja la reli. Watu wa hapa ni Wahemba, Waluba na wengine wengi walioletwa na kazi za reli, za mto na za biashara. Lugha zetu ni nyingi, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni na kanisani. Ndiyo maana baba zetu waliipenda sana sinema isiyosema. Walitusimulia jinsi walivyokuwa wakikusanyika usiku uwanjani penye misioni, shuka nyeupe ikitandazwa ukutani, mashine ikiunguruma nyuma yao kama nyuki mzingani. Wakati wa serikali ya Wabelgiji, Mwafrika hakuruhusiwa kutazama kila picha. Zilichaguliwa kwanza na wakubwa. Lakini picha za kuchekesha za Charlie Chaplin, ambaye sisi wa Kongo twamwita Charlot kwa desturi ya Wafaransa, zilionyeshwa. Aliyejua kusoma Kifaransa aliyasoma maneno machache yaliyoandikwa kati ya picha na picha, akayatangaza kwa sauti kubwa. Mengine yote mtu aliyaelewa kwa macho yake. Mtoto alicheka, na bibi yake akacheka naye, bila kungoja mfasiri.

Baadaye nchi yetu ilipata wachekeshaji wake. Miaka ya 1950, huko Luluabourg, mji ambao leo waitwa Kananga, Padri Albert Van Haelst wa Shirika la Scheut alitengeneza picha za Matamata na Pilipili, na Wakongo wenyewe ndio waliocheza ndani yake. Wazee wetu wakisikia majina hayo mpaka leo hutabasamu kabla hujamaliza kuyataja. Kwa hiyo msidhani kwamba sinema ni jambo geni kwetu. Kilichokuwa kigeni ni kumwona mtoto wetu mwenyewe akitaka kusimama mbele za watu, akatazamwa.

Binti yetu ni mtoto wa tatu. Alicheza kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akitumwa maji, alikwenda akicheza. Akitwanga, mwichi ulipiga mwendo na miguu ikaufuata. Alipokua aliingia katika kundi la wasichana wanaotangulia maandamano ya vipaji siku za sikukuu, wakiiendea altare kwa hatua za taratibu. Wageni wa nchi nyingine hushangaa wakiona hivyo. Lakini tangu 1988, Roma ilipothibitisha Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, kucheza katika Misa si jambo la kuombea radhi. Tulikaa kwenye benchi letu, tukamtazama mtoto wetu, tukajivuna kimoyomoyo. Tulipenda sana acheze, mradi mchezo uishe pamoja na Misa.

Basi, alipokwisha kupata diploma yake ya masomo ya sekondari, tulikaa tukingoja atuambie kama anataka ualimu au uuguzi. Jioni moja, baada ya chakula, alikuja akapiga magoti kwa adabu kama tulivyomfundisha, akasema:

“Baba, mama, nataka kazi yangu iwe kucheza.”

Alituambia kwamba Kalemie kuna kikundi cha wachezaji wanaofundishwa kila siku, ngoma za mababu na dansi za siku hizi, nao hupokea vijana baada ya kuwajaribu. Aliomba ruhusa na nauli.

Sisi tulicheka, wala hatukukasirika. Tulicheka sana, kama watu wanaosikia kwamba mbuzi ameomba kazi ya ukarani. Mmoja wetu akasema, “Ngoma ivumayo haidumu.” Mwingine akauliza, “Na nani atakuoa?” Binti akajibu kwa upole kwamba mcheza kwao hutuzwa, tena kwamba hata rumba ya nchi yetu, mwaka 2021, iliandikwa na UNESCO katika orodha ya mali za urithi wa wanadamu. Tukamwambia kwamba UNESCO haitamletea unga wa bukari. Tukacheka tena.

Hakuinua sauti. Kesho yake alianza kufanya mazoezi nyuma ya nyumba, penye mwembe, kila alfajiri. Alikuwa na viatu vyeupe vya kitambaa, alivyovinunua kwa fedha za karanga alizouza mwenyewe kwa miezi mingi. Majirani walianza kuja kuchungulia. Wengine walisifu, wengine waliuliza kama msichana yule ana akili timamu. Sisi tuliona haya. Siku moja, yeye akiwa sokoni, tulivichukua viatu vile tukavitia ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge tunavyoviweka kwa ajili ya misiba, tukafunga kwa kufuli. Tulisemezana kwamba miguu ikiuma, hamu itakwisha.

Aliporudi alivitafuta. Hakutuuliza, nasi hatukumwambia. Alfajiri iliyofuata alicheza bila viatu. Siku ya nne kipande cha bati kikamchoma mguu wa kulia. Mama yake aliuosha kwa maji ya chumvi, akaufunga kwa tambara la kitenge, akadhani sasa mambo yamekwisha. Lakini kesho yake, kabla ya jua kutoka, tulisikia tena chini ya mwembe: hatua moja nyepesi, hatua moja nzito, nyepesi, nzito. Tulilala macho wazi, kila mmoja akijifanya kwamba mwenzake amelala.

Hayo yalitokea katika siku za mwisho za Desemba. Hapa kwetu siku hizo zina uzito wake. Tarehe 1 Januari 1962, wakati wa vita vya Katanga, askari waliwaua hapa Kongolo wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu. Watu wa miji mingine wanaweza kupiga kelele za furaha usiku wa Mwaka Mpya bila kuwaza. Sisi twafurahi pia, lakini kuna wazee ambao saa hizo hunyamaza ghafula, nawe ukiwa na adabu hutauliza kwa nini.

Mwaka ule mpwa wetu alikuwa amekuja likizo kutoka Lubumbashi, naye alileta projekta ndogo inayoingia katika mkoba. Alisema tarehe 31 jioni atatuonyesha Charlot. Tukamwendea mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa kijana mdogo mwaka ule wa 1962, tukamwuliza kama si vibaya kuchekesha watu usiku kama huo. Alifikiri kidogo, akasema: “Mapadri ndio waliotufundisha kumcheka Charlot. Hawatachukia.” Tena akaomba awekewe kiti mbele, kwa kuwa macho yake hayana nguvu.

Basi, tulisali kwanza, halafu jenereta ikawashwa. Shuka yetu ya kitanda ikatundikwa ukutani. Watoto wakakaa chini, wakubwa kwenye viti na mikeka, vijana juu ya ukuta wa ua. Binti yetu alikaa pembeni, ameunyosha mguu wake uliofungwa tambara.

Picha yenyewe jina lake ni *The Gold Rush*, nayo ilitolewa mwaka 1925. Chaplin aliitunga, akaiongoza, akacheza ndani yake yeye mwenyewe. Ni habari za watu waliokimbilia nchi ya barafu, kaskazini kabisa ya Amerika, kutafuta dhahabu. Sisi watu wa Katanga ya kaskazini tunajua vizuri habari za wanaume wanaoacha nyumba zao kufuata madini, kwa hiyo hakuna aliyehitaji maelezo. Charlot anapotea katika theluji, anakutana na jitu moja linene ndani ya kibanda, na njaa inawashika wote wawili. Hapo Charlot anakipika kiatu chake. Anakitia katika sufuria, anakipakua kwa heshima kama kuku wa sikukuu, anazizungusha kamba zake kwenye uma, anainyonya misumari kama mifupa. Kweli kiatu hicho kilitengenezwa kwa pipi nyeusi ya mizizi ya sus, lakini nani angekumbuka hayo? Yule mzee mbele alicheka mpaka akashika mbavu.

Tangu hapo, wasomaji, Charlot ana kiatu kimoja tu. Mguu wake mwingine, wa kulia, umefungwa matambara. Hivyo ndivyo anavyoingia mjini, na ndivyo anavyoingia katika jumba la dansi, mahali ambapo wanaume wenye fedha wanacheza na wasichana. Yumo humo msichana mmoja mzuri jina lake Georgia. Georgia amekasirishwa na kijana mmoja mwenye majivuno. Ili kumwudhi, anamchagua mtu duni kuliko wote waliomo, anamwambia acheze naye. Naye ni Charlot. Anacheza basi, mguu mmoja una kiatu na mguu mwingine una matambara, uso wake uking'aa kama mtu aliyeitwa mbinguni.

Hapo mtoto mmoja wa jirani akapiga kelele: “Tazameni! Kama Dada!”

Ua wote ukalipuka kwa kicheko. Watu waligeuka kumtazama binti yetu na mguu wake. Sisi nasi tulicheka. Twaliandika neno hili wazi, kwa maana tukilificha, hadithi hii haina faida. Tulicheka pamoja na watu, na mtoto wetu aliinuka, akaenda akichechemea gizani upande wa jikoni.

Picha iliendelea. Suruali ya Charlot ilitaka kumdondoka katikati ya dansi, akaifunga kwa kamba aliyoiokota mezani. Kumbe upande wa pili wa kamba umefungwa mbwa. Mbwa akaona paka, akakimbia, akamkokota Charlot sakafuni mbele ya watu wote. Wengine walicheka mpaka machozi. Sisi hatukuwa na kicheko tena. Tulikuwa tukitazama upande wa jikoni.

Halafu hadithi ikafika usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, usiku uleule tuliokuwa nao sisi. Georgia na rafiki zake wamemwahidi Charlot, kwa mzaha, kwamba watakuja kula kwake jioni hiyo. Yeye anaamini. Anapiga koleo theluji milangoni pa watu ili apate fedha za karamu. Anaandaa meza, anawasha mishumaa, anaweka zawadi mahali pa kila mgeni. Saa zinapita, hakuna ajaye. Anasinzia palepale mezani, na katika ndoto wageni wamekuja, wamejaa furaha, wanamwomba atoe hotuba. Anajaribu kusema na hawezi. Basi anachukua uma mbili, anazichoma katika mikate miwili midogo, na mikate hiyo inakuwa miguu, na miguu hiyo inacheza mezani chini ya uso wake. Ni dansi fupi mno. Mtu hana maneno, kwa hiyo anacheza.

Mpwa wetu alikuwa akitusomea maandishi ya picha kwa Kiswahili, lakini hapo hapakuwa na la kusoma. Watoto walikuwa kimya. Tulimwona binti yetu amesimama penye mlango wa jikoni, mkono mmoja ukutani. Alikuwa amerudi kutazama.

Charlot anaamka, meza i tupu, mbali wanasikika watu wakiimba. Anatoka kwenda kuchungulia dirishani pa jumba la dansi. Wakati huohuo Georgia anakumbuka ahadi yake, anakuja na wenzake kibandani ili wamcheke zaidi. Anafungua mlango. Haoni mtu. Anaiona meza iliyoandaliwa, na zawadi ndogo zilizofungwa vizuri. Kicheko kinamtoka usoni polepole, kama taa inayoishiwa mafuta.

Hatukutazamana sisi wawili. Mmoja wetu aliinuka, akaingia chumbani, akafungua sanduku la bati. Viatu vilikuwa chini ya vitenge vya misiba kama tulivyoviacha. Ndani ya kimoja tulikuta karatasi iliyokunjwa, nasi hatukuwa tumeiona siku ile ya kwanza. Humo binti yetu alikuwa ameandika hesabu zake: nauli ya kwenda Kalemie, chakula cha njiani, zawadi kwa shangazi atakayempokea, na mwishoni, kitenge kwa mama, shati kwa baba, “mshahara wa kwanza”. Hiyo ndiyo ilikuwa meza yake aliyotuandalia, nasi tulikuwa tumeifungia kwa kufuli.

Picha ilipokwisha na jirani walipokwenda zao, tulimwita. Baba yake alimpa viatu kwa mikono miwili. Alitaka kusema maneno mengi, akaweza kusema tu, “Viatu vyako hivi.” Binti alivipokea kwa mikono miwili. Hakuvivaa, kwa kuwa mguu ulikuwa bado na jeraha.

Baada ya siku hizo tulitaka kujua mtu huyu Charlot alikuwa mtoto wa nani. Mwalimu mmoja alituazima kitabu cha maisha yake, ambacho Chaplin mwenyewe alikitoa mwaka 1964. Tulikisoma jioni kwa jioni, tukashangaa, kwa maana tulidhani kuchekesha ni kipaji cha watu wasio na shida. Alizaliwa London mwaka 1889. Mama yake alikuwa mwimbaji, sauti ikamharibikia. Usiku mmoja, iliposhindwa kabisa mbele ya watu, mtoto mwenyewe wa miaka 5 alisimamishwa jukwaani badala yake, akaimba, na watu wakamrushia fedha. Halafu umaskini uliwashika. Mwaka 1896 watoto na mama yao waliingia katika nyumba ya maskini. Baadaye mama alipatwa na ugonjwa wa akili.

Na kazi yake ya kwanza hasa ilikuwa nini? Kucheza! Alipokuwa na umri wa karibu miaka 10 alitiwa katika kikundi cha watoto wanane, jina lake *The Eight Lancashire Lads*, waliocheza dansi kwa viatu vyenye soli za mbao. Alijifunza kwa majuma kadhaa kabla ya kuruhusiwa kucheza na wenzake. Tena alipofika jukwaani, woga ulimshika hata miguu haikutaka kwenda. Mkubwa wa kikundi, Bwana Jackson, alikuwa Mkatoliki mwenye bidii. Hakupenda watoto wapakwe rangi usoni. Mmoja akionekana amepauka, aliambiwa ajifinye mashavu yapate wekundu. Wakati mwingine walicheza katika majumba mawili au matatu usiku mmoja. Wakichoka, Bwana Jackson alisimama kando ya jukwaa akaonyesha uso wake kwa kidole huku akitabasamu, nao mara moja wakatabasamu wote. Mmoja wa watoto hao alikuwa binti wa Bwana Jackson mwenyewe, nywele zake zimekatwa kama za mvulana.

Tulipofika hapo tulikiweka kitabu chini. Mzazi Mkatoliki alimwacha binti yake acheze, akamsimamia, akampa nidhamu. Nasi tulidhani kwamba njia za mzazi mwema ni mbili tu, kucheka au kufunga kufuli. Hatusemi kwamba hofu yetu ilikuwa bure. Wako mabinti waliofuata ngoma wakapotelea mbali, na kila mzazi anayesoma haya anamjua walau mmoja. Lakini tuliposoma habari za majuma yale ya kujifunza, tulielewa kwamba dansi ni kazi kama useremala: ina shule yake, ina jasho lake, na ina aibu ya kukosea mbele za watu. Mtoto anayeamka alfajiri akacheza juu ya jeraha hakimbii kazi.

Basi tulikaa naye tukapatana. Angekwenda Kalemie kujaribiwa, akae kwa shangazi yake, arudi kutueleza yote, mema na mabaya. Asipokubaliwa, angejifunza ushonaji huku akiendelea na mazoezi. Alikubali. Nauli tulitoa sisi; fedha zake za karanga tulimwambia azishike.

Alikwenda kwa njia ya Kabalo, akingoja treni kwa siku nyingi, kama ilivyo desturi ya njia zetu. Aliporudi, tulijua habari kabla hajafungua kinywa. Hawakumchukua. Walimwambia kwamba ana mwendo mzuri lakini pumzi yake ni fupi, tena amezoea kucheza peke yake na hajui kuwafuata wenzake. Ajifunze, arudi mwaka mwingine. Wazazi wenzetu, mnalijua neno lililokuwa tayari kinywani mwetu: “Si tulikuambia!” Lilifika mpaka kwenye meno. Tulilimeza. Mama yake alisema tu, “Maji ya kuoga yako tayari.”

Tulidhani atakaa chumbani siku tatu akilia. Jumamosi ya kwanza aliwakusanya watoto wa majirani chini ya mwembe, akaanza kuwafundisha. “Wamesema sijui kuwafuata wengine,” akatuambia. “Basi nitajifunza kwa hawa.” Kwanza walikuja watano, halafu tisa, halafu kumi na wanne. Yule mtoto aliyepiga kelele “Kama Dada!” ndiye afikaye wa kwanza. Siku za juma binti yetu hushona, Jumamosi hufundisha, alfajiri bado twamsikia, nyepesi, nyepesi, maana mguu ulipona.

Tumesoma pia habari za yule Georgia wa picha. Jina lake la kweli lilikuwa Georgia Hale. Sinema zilipoanza kusema, hakuendelea sana nazo, na baadaye katika maisha yake alifundisha dansi. Tulipomwambia binti yetu neno hilo alicheka, akasema, “Basi hata yeye alirudi chini ya mwembe.” Lakini nia ya Kalemie hajaiacha, nasi twaweka fedha kidogo kidogo kwa ajili ya safari ya pili. Huenda watamchukua, huenda hawatamchukua. Safari hii twangoja habari pamoja naye.

Wazazi wenzetu, hatuwaambii kwamba kila mtoto anayetaka kucheza afunguliwe mlango aende. Twawaambia jambo dogo zaidi. Kabla ya kumcheka mtoto, ingieni kwanza kibandani mwake, mtazame amewaandalia nini mezani. Baada ya hapo mtakataa au mtakubali, lakini mtafanya hivyo mkiwa mmeona.

Mwaka huu, siku ya sikukuu ya parokia, baada ya Misa, wale watoto kumi na wanne walicheza uwanjani, naye mbele yao, kwa viatu vyake vyeupe ambavyo sasa vina rangi ya udongo wa Kongolo. Katikati ya ngoma yule mzee mwenye macho mabovu aliomba ashikwe mkono. Aliongozwa mpaka kati, akapapasa, akambandika binti yetu usoni noti ya franka 500, kama tufanyavyo kwetu kumtuza mchezaji. Watu wakapiga vigelegele. Ndipo baba yake naye akainuka kwenye benchi, akajipekua mifuko yote miwili, akatoka kwenda kumtuza.